Mganga Aliyekataa Tungojee Sikio Lizibuke

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye foleni ya sukari hapa Tanga, na mama aliyekuwa mbele yangu akageuka, akanitazama kwa muda. Akaniuliza kama si mimi niliyekuwa karani wa ushirika kule milimani, njia ya Mlalo, miaka ile. Nikamjibu ni mimi. Tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua na za viazi, kama watu wa kule wanavyoulizana, bila kuruka hata moja, na foleni nayo haikuwa na haraka. Ndipo akasema, kwa sauti ile ile aliyosimulia viazi, "Na yule mganga wetu tumemzika." Nikamwuliza mganga yupi, maana zahanati ile imepita mikononi mwa wengi. "Wa masikio," akasema. Walikuwa wamemzika Jumanne ya wiki iliyotangulia, kwenye mvua, na jeneza lilishuka kwa shida kwa sababu udongo ulikuwa unateleza. Foleni ikasogea. Sukari iliisha kabla hatujafika dirishani, tukaagana, kila mmoja na kikapu chake kitupu.

Jina hilo la masikio si la haki sana kwake. Marehemu alitibu malaria, vidonda vya majembe, kuhara kwa watoto, kifua cha miezi ya baridi na kila kitu kingine kilichopanda kile kilima kufika mlangoni pake. Kabla ya Uhuru alikuwa dresa, mfua bendeji na mshika beseni katika hospitali ya misheni, chini ya daktari wa kizungu aliyependa sana mambo ya masikio. Daktari huyo alikuwa na desturi ya kueleza kila anachokifanya wakati anakifanya, hata kama aliyesimama karibu ni mtu wa kushika beseni tu. Kwa miaka kadhaa aliyesimama karibu alikuwa marehemu. Baada ya Uhuru daktari alirudi kwao, serikali ikampeleka marehemu kozi fupi, kisha ikamkabidhi zahanati ya vyumba viwili juu ya barabara, na humo akazeeka. Watu walimwita daktari, naye kila mara alilirekebisha neno hilo. Alikuwa akisema, "Daktari yuko Tanga. Mimi kazi yangu ni kujua nani aende kwa daktari, na aende lini." Nilidhani ni unyenyekevu wa Kilutheri. Ilinichukua muda kutambua kwamba alikuwa anaeleza kazi yake kwa usahihi, na kwamba uzito wote ulikuwa kwenye lile neno la mwisho.

Daktari yule alimwachia kifaa kimoja tu: chuma chenye miguu miwili kama uma mkubwa, ambacho ukikigonga gotini kinatoa sauti moja nyembamba isiyokatika upesi. Ukikisimamisha katikati ya paji la uso wa mgonjwa unaweza kujua mengi juu ya masikio yake. Chuma hicho hakikudumu zahanati. Mwalimu wa kwaya alikisikia siku moja kupitia dirishani, akaingia, akakiomba kwa ajili ya mazoezi ya Pasaka ili waimbaji wapate sauti ya kuanzia. Pasaka ikapita, chuma hakikurudi. Kila Jumapili marehemu alikaa kwenye benchi lake, akakisikia chombo chake kikigongwa pale mbele kabla ya wimbo. Nilimwuliza kwa nini asikidai. Alinijibu kwamba wagonjwa wa masikio ni watatu kwa mwaka na waimbaji ni thelathini kila Jumapili, na zaidi ya hayo sauti anazo za bure, kila mgonjwa anakuja na yake. Tangu hapo akaanza kuwataka watu wagune. Alikuwa anamwambia mgonjwa afunge midomo, atoe sauti moja ndefu ya mmm, kisha amwambie sauti hiyo anaisikia upande gani. Walutheri walishika noti ya wimbo. Waislamu aliwaambia wafanye kama wanambembeleza mtoto alale.

Ili msomaji asiyepata kuishi milimani anielewe, lazima niseme kidogo juu ya masikio yetu. Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto anapanda kwa ghafla, kona juu ya kona, na kabla hajafika Soni masikio yanaziba. Akishuka yanaziba tena. Ni hewa tu. Unameza mate, unapiga miayo, sikio linafunguka kwa mlio mdogo, na ukiwa na mafua linaweza kukaa hivyo siku mbili tatu. Mtu wa bondeni analiogopa jambo hili. Sisi wa juu tumezaliwa nalo. Mtoto akisema sikio limeziba, bibi yake anamwambia ni mlima, meza mate. Mkubwa akisema, tunamcheka. Kwa hiyo hakuna watu wepesi wa kudharau sikio kama watu wa Usambara, na hilo ndilo lililomsumbua marehemu maisha yake yote. Alisema kwamba sikio lina ukumbi na lina chumba cha ndani. Nta, usaha, hewa ya mlima, vyote hivyo vinakaa ukumbini, na ukumbi unaweza kufagiwa. Lakini kuna siku chumba cha ndani kinazimika chenyewe, upande mmoja, ndani ya saa chache, mara nyingi mtu anaamka nacho kimeshazimika, bila maumivu, bila usaha, bila sababu inayojulikana. Mgonjwa anajisikia vile vile kama ameziba. Maneno anayotumia ni yale yale. Ukimwuliza atakuambia ni mlima.

Nilimwona akitenganisha ukumbi na chumba hicho cha ndani kwa mara ya kwanza nilipokwenda kutafuta dawa ya kikohozi. Ndani alikuwepo mama mmoja mtu mzima, mkulima wa karoti, ameletwa na mkwe wake, mke wa mwanawe, ambaye macho yalikuwa mekundu kwa kulia. Kwa majuma mawili binti yule alikuwa akiamka kila asubuhi, anapiga goti kumwamkia mama mkwe, na mama mkwe anapita bila kuitikia. Kwetu shikamoo isiyoitikiwa ni hukumu. Binti alikuwa ameshafunga nguo zake arudi kwa wazazi wake, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshaanza kutafutana. Marehemu alimwuliza yule mama maswali yake matatu, yale yale aliyomwuliza kila mtu: lilianza lini, lilianza ghafla au pole pole, na je, dunia inamzunguka au ametulia. Akamulika kwa tochi. Kisha akamwambia agune kama anambembeleza mtoto. "Nimbembeleze nani mimi?" yule mama akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Wajukuu wamekua, wananijibu." Akaguna hata hivyo, na akashangaa, kwa sababu sauti yote ilikwenda kwenye sikio lile lile analoliona bovu. Marehemu akafurahi. Sikio lililozibwa huvuta sauti ya mwenyewe. Maana yake chumba cha ndani ni kizima na kinangoja tu mlango ufunguliwe. Akapasha maji, akavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akasafisha taratibu, na kipande cha nta cheusi kama punje ya maharage kikaanguka kwenye beseni. Mama akatikisa kichwa, akatutazama wote, akauliza kwa nini tunapiga kelele. Binti alipopiga goti pale pale kwenye sakafu ya saruji na kumwamkia, aliitikia marahaba tatu mfululizo, za deni, akasema, na mkwe akaanza kulia upya.

Nawaeleza kisa hicho kwa sababu nilitoka pale nikiwa nimeelewa. Nilikuwa kijana mwenye darasa la nane na kiu ya kusoma, nikisoma kila karatasi iliyofungia sukari, na jambo lililoelezwa vizuri lilinikaa kichwani. Siwezi kudai kwamba wakati wa kisa cha pili nilikuwa sijui.

Kisa cha pili ni cha dereva wetu. Mwaka wenyewe siutaji kwa sababu sina hakika nao. Ulikuwa baada ya Azimio na kabla ya ile miaka ya watu kuhamia vijijini. Ushirika ulikuwa na lori moja na dereva mmoja, mtu wa Magoma, wa chini kule, aliyenizidi miaka kumi na mitano. Alikuwa amepanda na kushuka mlima ule mara nyingi kuliko mtu yeyote niliyemjua, na alikuwa akitamba kwamba masikio yake yameziba na kuzibuka mpaka yametoboka njia. Jumatatu moja ya mwisho wa kiangazi, mawingu yakiwa yameanza kukaa juu ya Magamba, aliamka sikio la kulia limekufa. Alitania nalo asubuhi nzima. Alisema ndani mwake kuna nyenje anaimba, na kwamba sasa akilalia sikio la kushoto mkewe anaweza kusema mpaka achoke, ndoa yake itakuwa na amani. Mchana alipita zahanati kuomba pamba ya kuziba upepo. Marehemu hakumpa pamba. Alimkalisha, akamwuliza yale maswali matatu, akamulika, akakuta ukumbi mweupe safi. Akamwambia agune.

Saa tisa hivi nilimwona marehemu akiteremka kwa miguu kuja kwenye banda letu la mazao, na koti lake jeupe bado mwilini, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Nilikuwa nimezungukwa na kabichi. Wakulima walikuwa wanazileta kwa vichwa kutoka mabondeni tangu alfajiri, wakijua mvua ikianza barabara itaporomoka na mazao yataozea hapo. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa barua iliyofungwa, ya daktari wa Tanga. Akaniambia lori likishuka kesho, dereva akifika Mombo apande basi aende na barua hiyo, asirudi juu. Nikamwuliza lori litarudishwa na nani. Akasema hilo hakulifikiria, na kwamba ni la kwangu kulifikiria. Nikatabasamu, na kutabasamu kwenyewe nakukumbuka. "Ni mlima tu, mzee," nikamwambia. "Mimi mwenyewe juzi limeziba siku mbili."

"Ziba sikio," akasema.

"Lipi?"

"Lolote. Kwa kidole, liwe limeziba hasa. Sasa funga mdomo ugune."

Nikaguna, kati ya magunia, wakulima wananitazama. Msomaji naye anaweza kujaribu hapo alipo. Sauti iliondoka katikati ya kichwa ikaja yote kwenye kidole changu, nzito, kama mtu anazungumza ndani ya pipa.

"Imekwenda wapi?"

"Huku. Kwenye kidole."

"Vizuri. Lako ndilo lililoziba. Huyu wako aliguna, sauti ikakimbilia sikio zima. Nimemgunisha mara tatu, imekimbilia sikio zima mara tatu. Hakuna kilichoziba pale, karani. Kumezimika. Tanga wana vidonge ambavyo vikiwahi wengine husikia tena. Vikichelewa ni mara chache."

Nikasema nimemwelewa, na nilikuwa nimemwelewa. Nikasema Jumamosi. Safari ya Jumanne, ya Alhamisi na ya Jumamosi zingemaliza mzigo wote, kisha dereva angekwenda akatibiwa kwa nafasi. Marehemu alinitazama. Alikuwa na tabia ya kutotumia neno ndugu, lililokuwa kinywani mwa kila mtu wakati ule, isipokuwa akikasirika. "Ndugu Karani," akasema, "sikio halijui Jumamosi." Akageuka, akapanda kilima chake. Barua ikabaki mfukoni mwangu.

Naomba nieleweke, maana nimelipitia jambo hili mara nyingi na nimejaribu kulipa uzito wake halisi. Hakuna aliyenilazimisha. Mwenyekiti wa tawi alisema mazao ya wakulima kwanza, lakini alilisema kila siku na kwa kila jambo, na nilikuwa najua namna ya kumweleza. Wapasua mbao wa Magamba walikuwa na dereva wa pili. Ningemwandikia msimamizi wao kipande cha karatasi, angenipa mtu wa siku mbili. Nililiwaza hilo jioni ile ile. Sikuandika kwa sababu tuliwahi kukosana naye juu ya mbao za banda, na sikutaka kuanza mimi kumwomba. Dereva mwenyewe alifurahi niliposema Jumamosi. Alicheka kwamba mzee anataka kumpeleka Tanga akagune mbele ya madaktari. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa anaogopa. Dereva mwenye barua ya hospitali juu ya masikio hana uhakika wa kuurudia usukani. Alitaka mtu wa kumwambia kwamba ni mlima, na mtu huyo nilikuwa mimi. Sote wawili tulipata tulichokitaka.

Jumanne akashuka, akapanda. Alhamisi akashuka, akapanda. Jumamosi akashuka, akapanda, lakini mvua ilikuwa haijaanza na kabichi zilikuwa zimebaki za safari moja zaidi, na ni aibu kuacha safari moja, kwa hiyo tukasema Jumatatu. Jumatatu hiyo, kwenye kona moja iliyo chini ya Soni, alisikia honi. Wakati ule ilikuwa sheria ya barabara ile, na nadhani bado ni sheria, kila gari lipige honi kabla ya kona, na anayesikia honi ya anayepanda amwachie upande wa mlima. Kwa hiyo dereva wa milimani anaendesha kwa masikio kuliko kwa macho. Mtu mwenye sikio moja anaisikia honi vizuri kabisa, lakini haioni mahali ilipo. Masikio mawili ndiyo yanayopima upande. Yeye aliona inatoka nyuma yake, juu. Akasogea upande wa mlima kulipisha gari la nyuma, na lori la mbao likatokeza mbele yake. Walisimama, alinisimulia, pua kwa pua, na breki zilikuwa zimeyatupa magurudumu yake mawili ya nyuma kwenye majani ya ukingo. Hakuna aliyeumia. Madereva wale wawili walitukanana kidogo, kama ilivyo kawaida, kisha wakasaidiana kurudi nyuma. Alifikisha kabichi Mombo. Halafu akalirudisha lori mpaka juu, polepole, akisimama kila kona na kuzima injini asikilize, safari ya saa mbili ikamchukua mchana wote. Akaingia ofisini, akaweka ufunguo mezani.

"Honi nimeisikia, karani," akasema. "Sikujua inatoka juu au inatoka chini."

Nikampa barua. Kesho yake alikuwa Tanga. Daktari alisoma, akampima kwa chuma kama kile kilichokuwa kwenye kwaya yetu, na haikumchukua hata robo saa kukubaliana na kila kilichoandikwa. Akauliza kama aliyeandika ni daktari. Dereva akajibu kwamba ni mganga wa zahanati. Akauliza kwa nini barua ya jambo la haraka namna hii imekaa siku nane njiani. "Nikamwambia, kabichi," dereva alinisimulia, na hakuwa anatania. Alipewa vidonge, akalazwa, akarudi baada ya majuma matatu na sikio lile lile. Nyenje aliendelea kuimba. Hakuendesha tena. Tulimpa kazi ya kupokea mizigo bandani, na alikaa miezi michache akiwageukia watu vibaya, akiitwa kutoka bonde la kushoto na kutazama la kulia, na wabebaji wakicheka. Kwetu watu huitana kutoka mlima hadi mlima. Ni nusu ya mazungumzo yetu yote. Mwishowe akasema milima ina kelele mno kwa mtu asiyejua zinatoka wapi, akarudi Magoma kulima.

Nimewaza sana kwa nini ilikuwa rahisi kumwambia angoje. Angevunjika mguu Jumatatu ile, vijana wangeacha majembe shambani bila kuulizwa, wangekata miti ya machela na kumbeba kwa zamu mpaka barabarani, na mimi ningekuwa wa kwanza kushika mti wa mbele. Hiyo ni desturi yetu na sijaona ikikosewa. Lakini machela ni ya mtu aliyelala. Aliyesimama wima, anayecheka, anayekula ugali wake, hana damu wala bendeji, tunamwambia angoje kidogo, kwa sababu mzigo unaonekana na sikio halionekani. Ile ilikuwa miaka ya vitu vya kuonekana. Tulihesabu madarasa, ekari, matofali, na nasema hivyo bila dharau. Nimesaidia kufyatua baadhi ya matofali hayo, na zahanati ile ya vyumba viwili ni kitu ambacho babu yangu hakuwa nacho. Tulisherehekea kila zahanati ilipofunguliwa. Hatukujiuliza sana kama mtu aliyewekwa ndani yake akisema "leo" tutamsikiliza. Sasa ushirika ule umeshavunjwa, lori limekuwa mahali pa kuku kulala, na naambiwa zahanati hukaa miezi bila klorokwini na tochi ya mganga bila betri. Lakini nakumbuka kwamba siku ile marehemu hakukosa dawa, wala betri, wala maarifa. Alikosa karani.

Tangu kisa kile alibadilisha jambo moja katika kazi yake. Hakumpa tena mtu yeyote barua ya kupeleka kwa mtu mwingine. Sikio likizimika, alifunga mlango wa zahanati, akateremka na mgonjwa mpaka barabarani, akasimama naye hapo mpaka litokee gari lolote, la mkaa, la misheni, la chama, na hakuondoka mpaka amwone mgonjwa amekaa. Foleni aliyoiacha nyuma ilinung'unika, na aliwahi kuandikiwa barua ya onyo kwa kuacha kituo saa za kazi. Watu waliopita mikononi mwake kwa namna hiyo, wengine walisikia tena, wengine hawakusikia. Ndiko jina la masikio lilikotoka.

Nilipokuwa nahama milimani kuja huku, nilikwenda kumuaga. Alikuwa anapukuchua mahindi nyuma ya nyumba. Nikakaa, nikasaidia kidogo, kisha nikamwuliza swali nililokuwa nimelibeba kwa miaka: kama ningemwachia dereva Jumanne ile ya kwanza, sikio lingepona? Nadhani nilitaka aseme lisingepona. Alikuwa mtu mpole na ningemshukuru. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likawa tupu.

"Sijui," akasema. "Mengine hupona yenyewe, mengine hata kwa dawa hayaponi. Wewe pia hujui. Ndiyo maana tulitakiwa kumpeleka Jumanne."

Kwa miaka yote ile nilikuwa nimekutumia kule kutojua kama kivuli cha kukaa chini yake: nani ajuaye, pengine lisingepona hata hivyo. Yeye alikushika kutojua kule kule, akakuona kuwa ndiyo sababu ya kwenda haraka. Sijapata kusoma, katika vitabu vyote nilivyojikusanyia, jambo lililonisahihisha zaidi ya hilo, na sidhani kama nitalisoma.

Kwa hiyo nawaachia wasomaji wangu kazi yake, kwa kuwa yeye mwenyewe hayupo tena wa kuteremka nanyi barabarani. Mtu wa nyumbani kwenu akiamka sikio moja limekufa, msimpe mafuta ya uvuguvugu, msimwambie ameze mate, msimwekee Jumamosi. Mwambieni afunge midomo agune, na sauti ikikimbilia sikio zima, asilale tena hapo. Aende siku hiyo hiyo, kwa gari lolote. Na mkishindwa kujua imekimbilia wapi, aende vile vile. Mkikuta ilikuwa nta tu, mtakuwa mmepoteza siku moja ya kazi, na watu watawacheka kidogo. Mimi niliziokoa kabichi zote, na kule Magoma kuna mzee ambaye ukimwita lazima ungoje ageuke pande zote mbili.